Kitenzi cha Nchi ya Uzamo

Kisa hiki ni cha mkalimani mmoja na neno moja. Mkalimani alikuwa mwenyeji wa Muheza, jina lake Mwanakheri Shekue. Neno lilikuwa la Kiingereza, na lilikuwa limekwama kooni mwa nchi nzima.

Mwanakheri alikuwa amekula chumvi ya kutosha katika kazi yake. Miaka yote hiyo aliketi kwenye kibanda cha vioo nyuma ya kumbi za mikutano, vipokea sauti masikioni, akiyasema kwa Kiswahili mambo ya watu wengine. Alikuwa na mwiko mmoja tu: haongezi, hapunguzi. Mgeni rasmi akidanganya, naye alidanganya kwa kipimo kile kile. Mgeni rasmi akisahau alichotaka kusema, Mwanakheri naye alinyamaza, watu wakadhani mitambo imeharibika. Dada yake alipenda kumtania kwamba maneno yake mwenyewe yameota kutu kwa kukosa kazi. Mwanakheri alicheka, hakubisha.

Ndipo Baraza la nchi ya Uzamo lilipomwita. Njia aliyopita tusiulizane sana. Waliowahi kufika huko husema tu kwamba ni mbele kidogo ya pale unapodhani nchi zimekwisha.

Ofisa wa mpakani alimpokea akiwa ameketi kitini, sare imenyooshwa vizuri, miguu yote miwili imo ndani ya beseni la maji.

"Umelowa?" akamuuliza.

Mwanakheri alidhani anaulizwa habari za mvua. Akajibu kwa ukweli kabisa kwamba hapana, jua lilimchoma njia nzima. Ofisa akainamisha macho kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha aibu. Akainuka, maji yakimchuruzika, akamfunika mabegani taulo bichi, akamnong'oneza kwamba amefanya hivyo kwa heshima yake, na kwamba mbele ya watu asirudie kusema vile. Baadaye ndipo Mwanakheri alipojua kuwa hiyo ndiyo salamu ya nchi, na jibu lake ni "Nimelowa, sijui wewe," hata kama umetoka jangwani sasa hivi.

Mji mkuu uliitwa Birikani, kwa sababu ulijengwa kulizunguka Birika Kuu, hifadhi ya maji iliyochimbwa na waasisi, pana kama uwanja wa mpira na yenye kina ambacho hakuna aliyekipima. Huko Uzamo mtu hahesabiwi kuwa anafanya kazi mpaka aonekane amezama ndani yake. Makarani walifanya kazi maji yakiwa vifundoni. Wakuu wa idara, magotini. Mawaziri walikaa ndani ya mapipa maji yakiwafika kiunoni, na Spika wa Baraza alizama mpaka kidevuni. Mtu akipandishwa cheo, waliongeza maji. Mapipa yenyewe yalikuwa makuukuu na yalivuja, kwa hiyo bomba la kuyajaza halikufungwa mchana wala usiku.

Shida yake ilionekana upesi. Kadiri mtu alivyopanda ndivyo mikono yake ilivyokosa nafasi ya kushika chochote. Majalada yaliyopelekwa kwa wakubwa yalirudi yamekuwa uji, na palikuwa na Idara ya Kuanika, ambayo kazi yake ilikuwa kuzitundika sheria za nchi kwenye kamba ili zikauke. Upepo ukivuma, kifungu kimoja cha kodi kiliruka mpaka sokoni, kikafungiwa karanga. Hakuna aliyelalamika. Kwao tusi kubwa kuliko yote lilikuwa kumwita mtu mkavu, na kijana akienda kuposa, jambo la kwanza wakwe kumuuliza lilikuwa kina.

Yote hayo yalitokana na sheria moja. Waasisi wa Uzamo waliiandika kwa Kiingereza juu ya mlango wa Baraza, maana zama hizo iliaminika kwamba sheria wanayoielewa watu wote bado haijawa sheria ya kutosha. Kisha waasisi wakafa, na Kiingereza chao kikafa nao. Wajukuu walibaki wanalijua neno moja tu katika sentensi ile nzima, nalo ni immerse. Walilitamka imasi, na kwa heshima waliliita Kitenzi, basi. Walikumbuka kwamba lilihusu kuzama. Herufi zake walizipaka rangi ya dhahabu kila mwaka. Maneno mengine ya sentensi ile waliyaita wasindikizaji, wakayaacha yaote ukungu, na kanuni za Baraza zikapiga marufuku kuyasoma kikaoni.

Palikuwa pia na Chuo cha Kitenzi. Wanazuoni wake walipata shahada ya uzamivu kwa kuonyesha ncha za vidole: aliyekunjamana zaidi ndiye aliyefaulu zaidi. Chuo kilikuwa na idara tatu. Idara ya Kuchovya ilifundisha kwamba Kitenzi maana yake ni kutia na kutoa papo hapo, kama andazi kwenye chai. Idara ya Kuloweka ilishikilia kwamba ni kutia na kuacha, kama maharagwe ya kesho. Idara ya Kuzamisha haikukubali lolote pungufu ya kutia mpaka kilichotiwa kisionekane tena. Wanazuoni hao walikosana kiasi cha kutozikana.

Ugomvi wao haukuwahi kumdhuru mtu mpaka mwaka huo. Sheria ilitaka kila anayechaguliwa kuongoza mji atimiziwe Kitenzi kabla ya kushika kazi. Waliotangulia wote walikuwa marafiki wa Baraza: mmoja alichovya kidole gumba, mwingine akaloweka miguu jioni moja huku akinywa maji ya ukwaju, na hakuna aliyeuliza swali. Lakini safari hii wapiga kura walimchagua kinyozi.

Aliitwa Farijala Tungi, na kinyozi huyo alitoka Kikavuni, mtaa wa bondeni chini ya mji. Huko bomba lilifika, koki ilikuwapo, ila ilifungwa kwa amri ili mapipa ya juu yasipungukiwe. Watu wa Kikavuni walinunua maji ya kunywa kwa kibuyu, na Farijala alikuwa amejifunza kunyoa bila maji na bila kumkata mtu. Katika kampeni aliahidi jambo moja, kwamba ataifungua ile koki. Akashinda kwa kura nyingi. Hapo ndipo Baraza lilipogundua kwamba maana halisi ya Kitenzi haijulikani, na kwamba si vyema kumwapisha mtu juu ya jambo lenye shaka. Kila mtu mjini alijua pia kwamba Farijala hajui kuogelea. Angejifunzia wapi?

Kwa hiyo Mwanakheri aliitwa ili achague: kuchovya, kuloweka, au kuzamisha.

Kabla ya kikao Spika alimkaribisha ofisini. Spika Kitwana Mwinyidadi alikuwa mtu wa adabu sana. Kilichoonekana kwake ni kichwa tu, kimetulia juu ya maji kama boga, na alipotoa sentensi ndefu mwisho wake ulitoka na mapovu. Alimuuliza habari za nyumbani na za safari, akamshukuru kwa kulivaa lile taulo bichi. Kisha akamweleza kwamba Uzamo ni nchi inayoheshimu kina, na kwamba mgeni akilitafsiri neno lao kwa maana ya juu juu watu watasikitika. Idara ya Kuzamisha, akasema, ina nafasi ya heshima inayongoja mtu wa fani kama yeye. Hakumtaja Farijala hata mara moja.

Mwanakheri alimjibu kwamba atasema kilichoandikwa. Spika akafumba macho, akasema ndicho anachokitarajia.

Alasiri ile Farijala naye alifika kwenye nyumba ya wageni. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na mkononi ameshika kofia aliyokuwa akiizungusha zungusha. Alisita mlangoni mpaka alipokaribishwa mara ya pili.

"Dada," alisema, "wanasema kesho wewe ndiye utakayetoa maana. Sema ni kuchovya. Nichovye kidole, niende zangu kazini."

Mwanakheri alimtazama. Kuchovya kulikuwamo ndani ya neno lile, hilo alilijua. Maana hiyo ilikuwa pembeni, lakini ilikuwamo. Angeweza kuitaja bila kusema uongo mtupu, na kinyozi huyu angerudi kwa mkewe. Alijikuta anapapasa ukingo wa meza kama anayetafuta kitufe cha kuzima sauti, kile cha kwenye kibanda chake.

"Nikikuchagulia wewe leo," alimwambia, "kesho atakuja mwingine nimchagulie yeye. Nitasema kilichoandikwa, bwana Farijala. Chote."

Farijala aliivaa kofia yake. Kisha akatabasamu, mwanya ukaonekana, akasema hata yeye alifikiri hivyo. Amekuja kwa kuwa mkewe alimwambia asirudi bila kuuliza. Alipoondoka, Mwanakheri hakuweza kula. Alikuwa amezoea kwamba maneno anayoyabeba, yakimwumiza mtu, si yake. Haya nayo hayakuwa yake, lakini safari hii hapakuwa na kioo mbele yake.

Asubuhi Baraza lilijaa. Mawaziri waliletwa ndani ya mapipa yao kwa mikokoteni, wanazuoni wakapangwa kwa idara, na wananchi wakasimama nyuma, kila mmoja na kitambaa kibichi kichwani, angalau kwa adabu. Spika akauliza swali lake.

Mwanakheri alisimama. Alieleza kwamba neno lile kwa wenyewe lina matumizi mengi. Nguo hutiwa katika rangi, na neno ni hilo. Dini nyingine huwatia waumini majini, na neno ni hilo. Lakini vilevile mtu husoma kitabu mpaka asisikie anapoitwa, na neno ni hilo. Huishi na wageni mpaka aote ndoto kwa lugha yao, na neno ni hilo. Na aliyependa mpaka akasahau kula, naye neno ni hilo. Akasema kwamba neno likiwa peke yake haliwezi kuchaguliwa maana, na akaomba ruhusa alisome pamoja na sentensi yake, ambayo iko pale pale juu ya mlango, kila mtu anaiona.

Mnong'ono ukapita. Spika akamkumbusha kwa upole kwamba wasindikizaji hawasomwi kikaoni.

"Basi nitafsiri kitenzi chenyewe tu?"

"Kitenzi chenyewe tu."

"Kitenzi hicho kwa Kiswahili ni *ajizamishe*."

Katika safu ya Idara ya Kuzamisha mkono ulinyanyuka. Ulikuwa wa Profesa Salme Bakuli, mkuu wa idara hiyo, bibi mwembamba aliyekaa katika maji ya kifuani na ambaye vidole vyake vilikunjamana kuliko vya mtu yeyote aliye hai. Alijulikana kwa ukali na kwa kutokula njama na mtu.

"Rudia," alisema.

"Ajizamishe."

"Hiyo *ji* ni msindikizaji?"

"Hapana, Profesa. Kwa Kiingereza ni neno linalotembea peke yake, lakini kwa Kiswahili imo ndani ya kitenzi. Ukiitoa, unabaki na kitenzi kingine."

Profesa akashusha mkono taratibu. Kizazi baada ya kizazi Chuo kilibishana namna ya kumtosa mtu: upesi, polepole, au moja kwa moja. Haikuwa imemjia mtu yeyote kuuliza ni nani anayetosa. Idara ya Kuchovya ikadai kwamba huo ni ushindi wao, kwani hakuna mtu mwenye akili anayejizamisha kabisa. Idara ya Kuloweka ikadai vilevile. Waziri mmoja akauliza kama *ji* inaweza kuanikwa kwanza ndipo ijadiliwe. Mwanakheri alifungua kinywa aendelee na maneno yaliyobaki, lakini Spika akapiga maji kwa kiganja, ambayo ndiyo ishara ya kufunga mjadala.

Kamati ikakaa, ikatoka na mapatano ya kuziridhisha idara zote tatu. Kesho yake, mbele ya watu, Farijala Tungi atajichovya, kisha atajiloweka, kisha atajizamisha mpaka asionekane. Hakuna atakayemgusa. Akikataa, ushindi wake umefutika.

Watu wa Kikavuni walitoka Barazani, wakateremka bondeni. Mwanakheri alirudi alikofikia akiwa na uchungu ambao hakuujua. Alikuwa amesema ukweli, nao ukweli ukachukuliwa nusu, na ile nusu ikafanywa shimo la kumtumbukizia mtu.

Farijala alikuja tena asubuhi na mapema, amenyoa ndevu kwa ajili ya sherehe. Hakuja kulaumu. Alikaa, akaomba maji ya kunywa, akayanywa polepole mpaka tone la mwisho.

"Jana ulitaka kuendelea, wakakukatiza," alisema. "Iliyobaki inasemaje?"

Mwanakheri akamsomea sentensi nzima kwa Kiswahili, kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza: *Atakayewaongoza watu na ajizamishe ndani yao.*

"Ndani yao nani?"

"Watu."

"Si ndani ya maji?"

"Neno maji halimo."

Farijala aliirudia sentensi ile kwa sauti ndogo mara kadhaa, akiipima kama anavyopima wembe kwa kidole. Akauliza kama Baraza limekataza ile sehemu ya mwisho. Mwanakheri akamwambia halikukataza. Lilikataa tu kuisikia. Hapo kinyozi akacheka, kicheko cha tumboni, mpaka mwenye nyumba akachungulia.

Sherehe ilifanyika uwanjani, kati ya Birika Kuu na soko. Kikavuni yote ilikuwa imepanda kutoka bondeni, wazee kwa watoto, wengi wakiwa wamevaa nguo za maziko kwa kuwa walijua wanachokuja kukiona. Spika alikuwa kwenye roshani, ndani ya pipa lake lililounganishwa moja kwa moja na bomba. Profesa Salme aliwekwa karibu na ukingo wa Birika, kwa kuwa yeye ndiye angetamka kama mtu amezama au hajazama.

Farijala akasogea mpaka ncha za viatu vyake zikawa juu ya maji. Maji yalikuwa meusi kwa kina. Mwanakheri, aliyesimama karibu, alimwona yule bwana akiikaza kofia kichwani.

"Mheshimiwa Spika," Farijala alisema, "sheria inasema ajizamishe. Imesema wapi?"

"Ndani ya Birika," Spika akajibu. "Kama kawaida."

"Kitenzi kina maji ndani yake?"

Nyuso zote zikamgeukia Mwanakheri. Hapakuwa na mtu wa kumfasiria. Swali lilikuwa lake na jibu lilikuwa lake.

"Hakina," alisema. "Nimekisoma vizuri. Maji hayamo."

Spika akamtazama Profesa, kwa kuwa Idara ya Kuzamisha haikuwahi kumwangusha. Profesa Salme alikunja uso. Alivitazama vidole vyake, ambavyo vilikuwa shahada yake na maisha yake, akavitazama muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

"Maji," alisema mwishowe, "ni msindikizaji."

Farijala akalipa Birika mgongo, akaufuata umati.

Kwanza alijichovya. Alitia mkono wake katikati ya watu, ukashikwa na mikono isiyohesabika, akautoa umejaa vumbi na unanukia vitunguu. Baraza likaandika kwamba amejichovya. Kisha akajiloweka: aliketi chini kati yao, kwenye jua, akawasikiliza. Mmoja alimwambia habari za mtoto anayeumwa tumbo kwa maji ya dimbwi, mwingine habari za bomba linalovuma usiku bila kutoa tone, na mwanamke mmoja, Mama Siwema, alimweleza namna anavyoyatumia maji yale yale kuoshea mchele, kisha vyombo, kisha mguu wa mumewe wenye kidonda. Farijala alitota jasho mpaka shati likamgandia. Baraza likaandika kwamba amejiloweka. Mwishowe akasimama, akavuta pumzi kama mtu anayeingia majini kweli, akazama.

Kofia yake ilionekana kidogo, ikaelea juu ya vichwa, ikapotea. Mahali alipopita watu wakajifunga tena kama hajapita mtu. Kikavuni ilianza kuelewa, na waliokuja na nguo za maziko wakaanza kuangua vicheko, kwanza mmoja mmoja, kisha wote.

"Profesa," Spika aliita, "hii ni halali?"

Profesa Salme akauliza kwa utaratibu wa kazi yake: "Aliye nje anamwona?"

Mawaziri walinyoosha shingo kutoka mapipani. Wakakiri kwamba hawamwoni.

"Basi amezama," alisema. "Na katika miaka yangu yote sijaona mtu aliyezama vizuri namna ile."

"Atatoka lini?"

"Hilo sheria haisemi."

Wakangoja. Jua likapanda. Makarani waliotumwa kumtafuta waliingia katika umati wakiwa na mabeseni yao kwapani, nao hawakurudi; ilisikika baadaye kwamba mmoja alikutana na shangazi yake na mwingine alikaribishwa chakula. Kisha kutoka bondeni ukasikika mngurumo, ukifuatiwa na vigelegele vya mtaa mzima. Farijala alikuwa amepelekwa na watu wake mpaka kwenye koki, na kwa kuwa alikwisha kuapishwa kwa mujibu wa sheria, aliishika kwa mikono miwili na kuifungua.

Kwenye roshani, maji ya Spika yakaanza kushuka. Pipa lilivuja kama lilivyovuja siku zote, ila sasa hakuna kilichokuja kuziba pengo. Yakatoka kidevuni yakafika mabegani. Yalipofika kiunoni, mawaziri walimtazama kama mwenzao. Yalipofika magotini, mkuu mmoja wa idara alimsalimu kwa jina. Spika aliita maji, akaita taulo, lakini waliozoea kuitika walikuwa wamezama. Yalipobaki vifundoni, hadhi ya karani wa kwanza kuajiriwa, alishika ukingo wa pipa, akajitoa mwenyewe.

Mwanakheri hakuona alivyoshuka ngazi, kwa sababu alikuwa akimsaidia Profesa Salme, aliyetaka kwenda bondeni kuhakikisha kwa macho yake. Miguu ya bibi yule ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Kila baada ya hatua chache alisimama akaitazama ardhi, akaigusa kwa kidole cha mguu, akaendelea. Njiani aliuliza maswali mengi kuhusu wasindikizaji: wako wangapi katika sentensi ya kawaida, na kama wote wana maana. Mwanakheri alimjibu, na alipomaliza kujibu akaendelea kuongea, mambo ya Muheza, ya dada yake, ya machungwa ya kwao, mpaka akajishangaa.

Kikavuni walikuta foleni ndefu yenye furaha. Bomba lilikuwa likitapika maji, kwanza ya kahawia, kisha meupe. Farijala hakuonekana popote. Ukimuuliza mtu, alikuambia alikuwa hapa sasa hivi, anasaidia kusukuma pipa la nani sijui. Mbele kabisa ya foleni Mama Siwema alikuwa akihangaika na ndoo yenye mpini uliokatika. Kando yake alisimama mzee mmoja ametota, suruali imemgandia, miguu imekunjamana, anatetemeka kwa kutozoea upepo. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akiwa na miguu, kwa hiyo hakuna aliyemjua.

"Baba, nishikie hapa chini," Mama Siwema alimwambia, akamtia ndoo mikononi.

Mzee akaishika. Akatazama huku na huku, akamwona Mwanakheri, uso wake ukapata matumaini. Kwa sauti ya chini na adabu yake ile ile akamwomba amfasirie huyu mama kwamba yeye ni nani.

Mwanakheri akasogea, akafanya kazi yake.

"Mama, huyu uliyempa ndoo ni Spika wa Baraza."

Mama Siwema alimtazama mzee yule kuanzia kichwani, akashuka mpaka miguuni, akarudi kwenye ndoo.

"Karibu, Spika," alisema. "Inyanyue kidogo, inamwagika."

Naye akainyanyua.